Bakuli la Mwezi Mweusi

"Bakuli hili ni la nani?"

Sista aliniuliza akiwa kwenye sinki, povu limempanda hadi viwikoni. Bakuli lilikuwa limekuja kwetu mara nyingi hata likapata nafasi yake kabatini, kati ya vikombe vya plastiki na sufuria ya ugali. Na kila lilipokuja liliondoka. Siku hiyo mwenyewe alikuwa anahama Doha, bakuli liko kwetu, na mimi nilikuwa nimekaa mezani nikilitazama kama mtu anayetazama basi linalong'oa nanga bila yeye.

"Nimekuuliza, msomi. Ni la nani?"

"Sijui, Sista."

"Kama hujui ni la nani, basi si lako," akasema, akajifuta mikono, akaweka mafuta jikoni ili akaange mandazi.

Sista si dada yangu. Ni muuguzi, na kwetu Kenya muuguzi ni sista hata akiwa na wajukuu. Tulipanga pamoja nyumba ya vyumba viwili Al Thumama, kwenye jengo ambalo ndege hulipitia juu zikienda kutua. Mimi nilifanya kazi ya kompyuta ofisini Lusail. Yeye alifanya zamu wodini. Alikuwa na umri wa kuweza kunizaa, na haki hiyo aliitumia kila siku.

Mambo ya vyombo vya Kijapani yalianza kwa pasi. Doha watu huondoka kila mwezi. Mkataba unaisha, familia inarudi kwao, na vitu vya nyumba nzima vinapangwa barazani viuzwe kabla ya gari la mizigo kufika. Ijumaa moja nilikwenda Al Wakrah kwa mama mmoja aliyekuwa anahama, nia yangu ikiwa kununua pasi. Nikarudi na chombo cha maua kirefu kama mkono wangu, na nguo zangu zikaendelea na mikunjo yake.

Kilikuwa cha rangi ya samli, na juu ya rangi hiyo palikuwa na nyufa nyembamba kuliko nywele, zimetandaa kila mahali kama wavu. Juu ya nyufa kulikuwa na dhahabu. Na ndani ya dhahabu walitembea wanawake waliovaa nguo ndefu, nyuso zao ndogo kama punje ya mchele, lakini kila mmoja alikuwa na nyusi zake. Ni nani huyo aliyekaa akachora nyusi ambazo mtu hawezi kuziona bila kukunja uso? Alilipwa kwa ajili ya nyusi? Nilimwuliza muuzaji kama chombo ni cha zamani.

"Cha zamani sana," akasema.

"Sana kiasi gani?"

"Sana."

Jibu hilo lilininyima raha wiki nzima. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Shule ya Jumapili niliuliza ni nani aliyemshikia Mungu taa wakati anaumba nuru, nikapelekwa nje kuokota takataka. Basi nikaanza kusoma, kulinganisha picha na kwenda kuona. Kila Ijumaa mtu alipohama, mimi nilikuwa mlangoni, na baada ya hapo nilipita maduka ya vitu vya kale sokoni, ambako wauzaji walinizoea hata wakaacha kunidanganya mara ya kwanza na kuanza kunidanganya mara ya tatu.

Nilijifunza kwamba kauri ukiigonga kwa ukucha hulia kama kengele, lakini udongo hujibu kwa sauti nzito, fupi, kama mtu aliyeamshwa. Nilijifunza kwamba dhahabu iliyopakwa kwa mkono huvimba kidogo chini ya kidole na ile ya mashine hulala bapa. Nilijifunza kwamba wapo wanaoloweka vyombo vipya kwenye chai ya rangi ili nyufa ziingie weusi, vionekane vikongwe. Nikawa nagonga kila kitu: vyombo vya duka, vikombe vya karaki, ile chai ya maziwa ya vibandani, hata vigae vya bafuni kwetu.

"Unabisha hodi kwa nani?" Sista akaniuliza siku moja. "Wakikukaribisha niite na mimi, pengine humo kuna hewa baridi kuliko hii AC."

Yeye mwenyewe hakuvijali, mpaka siku nilipoleta bakuli pana lenye alama chini yake: duara, na ndani ya duara msalaba. Aliligeuza, akalitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe hawa ni wetu," akasema.

"Sista, hiyo ni nembo ya watawala wa zamani wa sehemu ya Japani vinakotoka vyombo hivi. Baadaye kila mtu aliyetaka kuuza aliichora tu. Haihusiani na kanisa."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi nyamaza. Msalaba ni msalaba." Na bakuli hilo likawekwa juu ya friji, mahali pa heshima, na hakuna aliyeruhusiwa kutia vitunguu ndani yake.

Kadiri rafu yangu ilivyojaa ndivyo nilivyogundua jambo lililonisumbua. Vyombo hivi vya dhahabu nyingi, kwa sehemu kubwa, vilitengenezwa vikauzwe ng'ambo. Wageni walipenda dhahabu, wakapewa dhahabu. Chombo ambacho Mjapani wa wakati ule angekishika mwenyewe asubuhi, akakizungusha, akakinywea, kilikuwa bakuli la chai. Na bakuli la chai, la kweli, la zamani, sikuwa nalo hata moja. Barazani kwa waliohama nilipata mabakuli ya supu tu. Nikaanza kulitamani kama watu wengine wanavyotamani gari.

Ndipo nikakutana na Mama wa Tano.

Tulimwita hivyo kwa sababu aliishi ghorofa ya tano, sisi ya tatu. Mume wake alikuwa mhandisi, na wote wawili walikuwa Wajapani wa umri wa Sista. Nilikuwa kwenye lifti nimeshika kibakuli nilichotoka kununua, nimekipindua juu chini natafuta alama. Aliingia, akanitazama, akanyoosha mkono. Nikampa. Akakigonga kwa ukucha. Kikalia kama kengele: kauri, si udongo wa bakuli la chai nililolitafuta. Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akatikisa kichwa, akanirudishia, na sote wawili tukacheka mpaka lifti ikapita ghorofa yangu.

Kiingereza chake kilikuwa kidogo na Kijapani changu hakikuwepo, lakini mkono wake ulisema karibu. Sista alipopata siku ya mapumziko tulipanda naye ghorofa ya tano. Mama wa Tano alipiga magoti sakafuni, akachota unga wa kijani wa majani ya chai, akautia kwenye bakuli, akamwaga maji ya moto, akaupiga kwa kifagio kidogo cha mwanzi mpaka ukatoa povu. Nikapokea kwa mikono miwili. Ladha ilikuwa ya majani, tena majani yenye hasira.

"Hii ni dawa ya minyoo," Sista akaninong'oneza kwa Kiswahili, huku akimtabasamia mwenyeji. Kisha akamaliza yote, kwa sababu kwao mtoto aliyeacha chakula cha watu alikiona cha moto akifika nyumbani.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimelitazama bakuli. Lilikuwa la udongo mwepesi, rangi ya samli, nyufa zake zimeiva kuwa kahawia laini kwa chai ya miaka. Ubavuni palichorwa majani marefu yaliyoinamishwa na upepo, dhahabu kidogo tu kwenye ncha, na nyuma ya majani, mwezi. Mwezi ulikuwa mweusi. Nikaugusa, nikauliza kwa macho. Mama wa Tano akanionyesha pete yake ya fedha, halafu dirisha, halafu akapitisha kiganja hewani, polepole, kama mtu anayefukuza miaka. Nikaelewa. Mwezi ulikuwa wa fedha, na fedha huwa nyeusi. Aliyeuchora alijua utakuwa mweusi? Au alitaka ung'ae milele akashindwa? Nilisema ni zuri. Kisha nikasema tena. Nafikiri nilisema mara nyingi kupita adabu.

Siku chache baadaye akagonga mlango wetu. Alikuwa na sanduku la mbao nyeupe isiyopakwa rangi, limefungwa kwa utepe, na maandishi ya wino juu ya kifuniko. Alilishika kwa mikono miwili, akainama, akasema "kwa ajili yako," akaondoka kabla hatujamkaribisha ndani. Ndani ya sanduku mlikuwa na bakuli la mwezi. Ndani ya bakuli mlikuwa na vikeki vya maharagwe matamu, kila kimoja kimefungwa karatasi yake.

Vikeki tulivila palepale tumesimama.

"Sasa," Sista akasema akijilamba kidole, "kesho nakaanga mandazi. Chombo cha watu hakirudi kitupu."

"Nani aliamua hivyo?"

"Wenye adabu."

"Na sanduku?"

"Boksi nalo hurudishwa? Wewe ukinunua viatu, boksi unalirudisha dukani?"

Kwetu mkebe wa biskuti haujawahi kurudi kokote. Huishia kuwa na sindano. Kufikia jioni sanduku lilikuwa na nyuzi za Sista, vifungo, na futi ya kupimia kiuno. Mimi, niliyekuwa nimesoma habari za udongo na dhahabu na nembo, nilikuwa sijafika kwenye sura ya masanduku.

Kesho yake nikapanda ghorofa ya tano na bakuli limejaa mandazi ya iliki, limefunikwa kitambaa. Mama wa Tano alifungua mlango. Akatazama bakuli. Akatazama mandazi. Kisha akachungulia nyuma yangu, kana kwamba kuna kitu kingine kinakuja kwa lifti inayofuata. Nilidhani anamtafuta Sista. Akapokea, akainama, nikainama, akainama tena, nami nikakimbilia ngazi kabla shingo haijaniuma.

Siku hazikupita nyingi, bakuli likarudi na wali uliofinyangwa pembetatu na kuvikwa majani meusi ya baharini. "Wameufunga na karatasi ya kaboni," Sista alisema, lakini alikula mabonge manne. Tukarudisha na viazi karai. Likaja na figili za siki, za manjano kama rangi ya ukutani. Tukarudisha na njugu za kukaanga. Likaja na kitu ambacho hadi leo sijui kilikuwa nini, kilitetemeka kwenye kijiko, na Sista akakiombea kwanza. Tukarudisha na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na tulisikia baadaye kwa mume wake kwamba mukimo ulisababisha ugomvi, kwa sababu alirudi kutoka kazini akakuta umekwisha.

Ile ilikuwa miezi ya furaha. Jengo letu lilikuwa na watu wa nchi ambazo sikuzijua majina, na tulisalimiana kwa videvu tu, lakini kati ya ghorofa ya tatu na ya tano kulikuwa na bakuli linalopanda na kushuka. Kila lilipokuwa kwetu nililikawiza. Asubuhi kabla ya kazi nilitia chai yangu humo, ya maziwa na tangawizi, nikasimama dirishani nalo, joto likiingia viganjani taratibu jinsi linavyopita kwenye udongo.

"Chombo cha watu unakikalia kama cha mama yako," Sista alilalamika. "Kirudishe!"

"Kesho."

"Kesho yako ina miguu ya konokono."

Nilikuwa nimekwisha kulipenda, na ubaya wa kulipenda ulikuwa huo: si langu, na kila ninalofanya kwa heshima linaliondoa mikononi mwangu.

Kisha Mama wa Tano akanionyesha ndege. Tulikuwa kwenye lifti tena. Akajishika kifua, akatengeneza mabawa kwa mikono, akaielekeza juu. Mkataba wa mume umeisha. Wanarudi kwao. Nilipofika ndani nilimwambia Sista, na neno la kwanza lililonitoka, badala ya kusikitikia watu, lilikuwa, "Na bakuli?"

"Usithubutu kumwomba."

"Naweza kulinunua. Kwa bei yake halali."

"Mtu anakulisha kwa mkono wake, halafu wewe unauliza mkono ni bei gani?"

Alikuwa na haki, na hilo lilinikera. Nikafikiria kunyamaza tu, likae kabatini, waondoke. Nikafikiria pia kwamba yeye ndiye aliyelileta safari hii, likiwa na matunda ya siki mekundu, akijua anahama. Pengine lilikuwa na maana. Pengine hapana. Niliyeuliza kila kitu maishani nilishindwa kuuliza swali moja kwenye mlango wa ghorofa ya tano, kwa sababu majibu yote mawili yaliniogopesha. Akisema ni langu, mbona nilikuwa nikimrudishia? Akisema ni lake, basi nimeliona mara ya mwisho.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye sinki, na swali la Sista, na mafuta ya moto. Mandazi yakawa tayari. Tukapanda wote wawili, Sista na nguo yake ya kanisani na kanga mabegani kwa sababu ni kuaga, mimi na bakuli.

Mlango ulikuwa wazi. Wapakiaji walikuwa wanazungusha kanda za gundi kwenye maboksi, na mume amesimama katikati akielekeza. Mama wa Tano alikuja, akaona bakuli, akaona mandazi yanatoa moshi. Midomo yake ikaanza kucheza. Akashika ukuta. Alicheka mpaka akakaa juu ya boksi, na alipoweza kusema alisema kwa Kijapani, maneno mengi, kwa mumewe.

Mume akakohoa. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, na alionekana kutamani kisingekuwa.

"Mke wangu anauliza," akasema, "bakuli lina ubaya gani?"

"Halina ubaya wowote!" nikasema. "Ni bakuli zuri kuliko yote niliyowahi kuona."

Akatafsiri. Mkewe akajibu.

"Basi kwa nini mnalikataa? Alikupa siku ile ya kwanza. Kila mara unalirudisha."

Nikamgeukia Sista. Sista akanigeukia mimi.

"Alitupa keki!" Sista akasema.

"Keki zilikuwa za kusindikiza tu," mume akasema kwa upole. "Bakuli likitolewa ndani ya sanduku lake, limetolewa." Akasikiliza kidogo. "Anauliza, sanduku liko wapi?"

Nakumbuka sauti ya kanda ya gundi ikivutwa, na mpakiaji mmoja aliyeacha kazi ili asikilize vizuri. Sista alitoka, na lifti ilipokawia tukasikia viatu vyake vya kanisani vikishuka ngazi. Aliporudi alikuwa anahema, na sanduku amelikumbatia, na kwa haraka yake alikuwa hajaondoa kitu chochote.

Mama wa Tano akalifungua mwenyewe. Zikatokea nyuzi za rangi zote, vifungo, sindano iliyochomwa kwenye kipande cha sabuni, na ile futi. Akaitoa futi, akaivuta, akaitazama namba ambayo Sista alikuwa ameitia kalamu nyekundu kama shabaha yake ya kiuno, akamtazama Sista kuanzia juu hadi chini, na wanawake hao wawili, ambao hawakuwa na lugha hata moja kati yao, wakaangukiana mabegani kwa kicheko.

Kisha akafanya kazi polepole, kana kwamba hakuna gari linalomngoja. Nyuzi akazimimina kwenye kanga ya Sista. Mandazi akayafunga kwenye leso, akampa mumewe ashike, na mumewe akaanza kula. Akalifuta bakuli ndani na nje, akalitia sandukuni, akafunga utepe kwa fundo lenye masikio mawili ambalo nimejaribu kulirudia tangu siku ile bila kufaulu. Akaligeuza ili maandishi yanitazame mimi. Akalisukuma kwangu kwa mikono miwili.

"Kwa ajili yako," akasema. Halafu, akinionyesha kidole kama mwalimu, akaongeza maneno mawili aliyoyajua vizuri: "Kaa nalo."

Sista alipiga goti kidogo, kama wanavyosalimia wakubwa kwao. Mimi nililia, jambo ambalo kwa mtu wa tabia yangu linahitaji ushahidi, na ushahidi upo: mpakiaji alinipa karatasi ya kufungia glasi nijifutie.

Baadhi ya watu wameniuliza thamani ya bakuli hilo na umri wake. Sijalipeleka popote likaangaliwe, ingawa vyombo vyangu vingine vyote nimevisumbua kwa taa na vioo vya kukuzia. Nalinywea chai ya maziwa. Nyufa zake zinazidi kuiva.

Swali moja lilibaki, na lilinikereketa kwa muda mrefu sana. Kama alikuwa amenipa, na mimi nikamrudishia, kwa nini hakulikataa palepale mlangoni? Angesema "hapana" tu, neno analolijua. Kwa nini alipika, akajaza, akashuka tena na tena kama sisi? Wakati huo nilikuwa nimehamia Al Wakrah, na Sista alikuwa amekuja kunitembelea, nilipopigiana simu ya video na Mama wa Tano, mumewe akiwa pembeni kutafsiri. Nikamwuliza. Alishangaa kuulizwa. Angefanyaje, akasema, na bakuli lilikuwa limefika kwake lina chakula? Kule alikozaliwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu kamwe, na mtu asiyekuwa na chochote cha kuweka ndani huweka walau kibiriti.